Bomba Lililotobolewa kwa Thawabu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, hasa wajukuu zangu mliozoea kufungulia koki na kuiacha ikimwaga huku mnaongea na simu, someni mpaka mwisho ndipo mnijibu. Najua majibu mnayo mengi.

Juzi mlirudi na habari kwamba ofisi ya maji imepandisha bei, na gari la kunyonya vyoo nalo limepanda. Nikawasikia barazani. Mmoja akasema huo ni wizi wa mchana kweupe. Mwingine akasema mtaa mzima ukigoma kulipa, hao wa ofisini watashuka wenyewe. Mkacheka. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchicha. Sikutoka kuwagombeza, na mnajua mimi si mtu wa kunyamaza. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo nilishayasikia, mtaa huuhuu, yakisemwa na watu wenye akili zao, na aliyeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa babu yenu.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Kiwanda cha korosho alikokuwa fundi kilishafungwa siku nyingi, naye alikuwa amerudi kwenye jembe, mihogo na mikorosho michache kule kwetu Mpapura. Vyuma vyake vya ufundi alivifunga kwenye gunia akavisukuma chini ya kitanda. Nyumba ya hapa mjini ilikuwa hii hii, ila ya makuti. Binti yetu wa mwisho alikuwa amerudi kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi, na mtoto alikuwa hajaanza hata kukaa. Kwa wengi wenu binti huyo ni mama yenu mdogo. Kwa mmoja wenu ndiye mama mzazi.

Maji tulichota kwenye bomba la mtaa, moja tu, mwisho wa njia ya mchanga. Kila nyumba ilichangia kidogo mwisho wa mwezi, na bei ilikuwa ile ile tangu watoto wangu wakubwa wanasoma. Chumvi ilipanda, mafuta ya taa yakapanda, sabuni ikapanda, maji yakabaki palepale. Hatukujiuliza inawezekanaje.

Kisha akaja mama mmoja wa ofisi ya maji, akaitisha mkutano uwanja wa shule. Alikuwa mtu wa kuja, wa huko kaskazini kwa namna alivyotamka maneno, mnene, na viatu vyake vilikuwa vinazama mchangani.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni," akasema. "Nimekuja na neno lisilofurahisha. Bei inapanda. Ya maji, na ya gari la kunyonya vyoo."

Kelele ikawa ya mnada wa samaki.

"Rudi kwenu!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Kwetu nitarudi, mdogo wangu. Lakini hata kwetu maji wanalipia."

Akatueleza. Mashine inayovuta maji visimani inakula dizeli, na dizeli wanainunua kwa bei ya leo wakati sisi tunalipa ya zamani. Mabomba yalilazwa na wakoloni, yameoza, maji mengi yanaishia ardhini kabla hayajafika mjini. Kuna dawa ya kuua vijidudu ambayo isipotiwa maji ni hatari. Na gari la vyoo ni moja kwa mji mzima, na kwa sasa, alisema, limesimama juu ya mawe halina matairi.

Bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua akainua mkono. "Mwanangu, mvua ikinyesha, Mungu anatuletea na risiti?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Hapana, bibi. Mvua ikinyesha tega ndoo yako, hudaiwi na mtu."

"Na ikikatika?"

"Ikikatika ndipo unanihitaji mimi."

Kwa hilo walicheka pamoja naye, na nadhani pale tungeweza kuelewana. Lakini babu yenu akasimama. Alikuwa na kanzu yake safi, kofia imekaa sawasawa, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwa mropokaji.

"Mama, umesema vizuri," akasema. "Lakini kumnyima mtu maji ni dhambi, na kumuuzia mwenye kiu ni jirani wa dhambi. Bei mpya mtaa huu hatulipi. Na ile ya zamani tunaisimamisha mpaka mrudi na maneno mengine."

"Hapo ndipo, mzee!" wakaitikia, wakapiga makofi. Yule mama akakunja karatasi zake. Akasema taratibu, "Haya, mzee wangu. Siku mashine ikinyamaza, msiilaumu mashine." Akaondoka akichechemea mchangani, na nyuma yake watu wakamzomea, "Umenenepa kwa maji yetu!"

Mwezi ukapita bila malipo, watu wa ofisi ya maji wakaja wakafunga bomba la mtaa kwa mnyororo na kufuli. Sisemi ofisi ile ilikuwa malaika. Walifunga bila kuuliza nani mjane, nani ana mgonjwa. Tukaanza kwenda kisimani, na maji yake mnayajua, yana chumvi, hayatoi povu, na mahindi ukiyapika hayaivi.

Sasa, mwaka ule babu yenu alikuwa amefiwa na mama yake. Alimpenda sana mama yake. Kwetu sisi hakuna sadaka inayomfikia maiti kama maji. Kila anayekunywa, thawabu inakwenda kaburini, na aliye na uwezo huchimba kisima kwa jina la mzazi wake. Babu yenu uwezo hakuwa nao, na jambo hilo lilimkereketa. Akiswali alikuwa anabaki juu ya msala muda mrefu, anazungusha tasbihi, na ukimwita hasikii.

Siku moja baada ya alasiri alivuta gunia lake la vyuma kutoka chini ya kitanda. Bomba kubwa linaloleta maji mjini lilikuwa linapita bondeni, nyuma ya nyumba zetu, katikati ya bustani za mchicha na miwa, na yeye alipajua. Akafukua. Akasema bismillahi, akaanza kutoboa. Maji yaliporuka yalimlowesha kanzu yote. Akachonga kijiti cha mkorosho kikawa kizibo, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ukitaka kuchota unachomoa, ukimaliza unachomeka.

"Haya ni ya mama," akasema.

Nilimuuliza, "Mzee, hilo bomba si la watu?"

"La watu, ndiyo. Hawa watakaochota si watu?"

Nikaenda kutafuta ndoo.

Watu walikuja na madumu, na masufuria, na wengine na beseni za kuogea watoto. Kila aliyejaza alisema, "Mungu amtilie nuru mama yako kaburini." Babu yenu alikaa pembeni juu ya jiwe, anaitikia amina, machozi yanamlengalenga. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimemwona na furaha ile. Binti yetu alimpelekea chai palepale bondeni, mtoto mgongoni, akamtania, "Baba umefungua ofisi yako ya maji. Na mimi nitalipia?" Akamjibu, "Wewe unalipa kwa kunizalia mwingine."

Jambo jema likionekana watu wanaliiga. Mwenzake mmoja akatoboa kwa ajili ya baba yake. Mwingine akatoboa kwa mtoto wake aliyekufa kwa degedege. Ikawa ukipita bondeni unaona vijiti vya mkorosho vimechomoza ardhini, na chini ya kila kijiti pamelowa. Kila tobo lilikuwa na marehemu wake. Hakuna aliyejiona mwizi, na mimi mpaka leo siwaiti hivyo.

Kisha mvua zikaanza, na mwaka ule zilikuwa nyingi. Hapa kwetu mvua ndiyo wakati wa kutapisha vyoo, na msijifanye hamlijui. Shimo likijaa, badala ya kuita gari, mtu anangoja mvua kubwa, anatoboa ubavu wa shimo, uchafu unaondoka na maji unakwenda zake. Unakwenda wapi? Bondeni. Gari lilikuwa limepanda bei, tena halina matairi, na mtaa ulikuwa umegoma. Karibu kila nyumba ilitapisha. Harufu ilipanda mpaka msikitini, watu wakafunga pua wakaendelea.

Katika mvua hizohizo mashine ikanyamaza. Dizeli ilikuwa imekwisha, na fedha ya kununua nyingine haikukusanywa, maana mitaa iliyogoma haikuwa yetu peke yake.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili hata mimi sikulijua wakati ule. Bomba lenye maji yanayosukuma likiwa na tobo, linatema nje. Likikosa kusukumwa, maji yaliyomo yanateremka kuelekea upande wa chini, na bomba linaanza kuvuta. Mmemwona muuza mafuta ya taa anavyonyonya mpira, kisha mafuta yanafuata yenyewe kutoka kwenye pipa? Ndivyo lilivyofanya. Vijiti vya mkorosho vilikuwa vimelegea kwa kuchomolewa mara kwa mara, na vimezungukwa na maji ya vyoo vya mtaa mzima. Bomba likanyonya.

Ofisi ikapata dizeli ya kukopa. Maji yaliporudi bondeni tulipiga vigelegele. Binti yangu alikuwa wa kwanza kufika, maana nepi za mtoto zilikuwa zimejaa beseni. Na mama anayenyonyesha anakuwa na kiu ya peke yake. Aliinama pale kwenye tobo la baba yake, akakinga viganja, akanywa mpaka akashusha pumzi.

Kesho yake mchana alianza kuharisha. Ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, na hayakati. Nikamkorogea maji ya chumvi na sukari, yakatoka yote. Babu yenu akaenda mbio kutafuta gari, akarudi na pikapu ya mtu wa mchanga, tukamlaza juu ya turubai. Njiani alikuwa ananiangalia tu. Uso ulikuwa umeingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa.

Hospitalini walikuwa wamepiga mahema, na mahema yalikuwa yamejaa. Wengi niliwajua. Yule bibi wa vitumbua alikuwa kitanda cha pili. Walizungushia kamba, mwanamume haruhusiwi kuvuka, babu yenu akabaki nje ya kamba amesimama na kanzu ina matope.

"Mama, mtoto kanyonya?" binti yangu akaniuliza.

"Kanyonya, mwanangu. Yuko kwa jirani, kalala."

Mtoto alikuwa anapewa uji mwembamba kwa kijiko. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka.

"Mama, nipe maji."

Muuguzi akanipa kikombe na kijiko, akasema nimpe kidogokidogo. Nikampa. Akanywa kama ndege. Mshipa wa kuchomekea dripu waliutafuta mkono huu, wakautafuta mkono ule, wakaupata, ukapotea tena. Adhuhuri ya siku ya pili ikaadhiniwa. Kabla watu hawajamaliza kuswali, alikuwa ameshaondoka.

Mimi nimeosha maiti wengi katika mtaa huu. Mnalijua hilo, mpaka leo wananiita. Nimeosha watu wasio na ndugu, nimeosha hata mwanamke tuliyekuwa hatusemeshani. Nikavua kitenge cha juu, nikajifunga vizuri, nikaomba ndoo ya maji nimwoshe mwanangu.

Bwana afya akasema, "Mama, huyu haoshwi."

"Haoshwi kwa nini? Ni Mwislamu, ana mama yake."

"Kwa ugonjwa huu haruhusiwi mtu kumgusa. Samahani, mama."

Wakampulizia dawa kwa pampu ya mgongoni, kama ile wanayopulizia mikorosho. Wakamfunga kwenye nailoni, wakambeba vijana waliovaa buti na glavu, ambao hawakujua hata jina lake. Babu yenu na wanaume wachache wakamswalia kwa mbali. Matanga yakapigwa marufuku, watu wasikusanyike, wasile pamoja. Kwangu haukutandikwa mkeka hata mmoja. Nilikaa na mtoto anayelia, peke yangu, na majirani wakanipa pole wakiwa wamesimama ng'ambo ya njia.

Sikumwosha mwanangu. Mnisamehe, hapa huwa sivuki haraka.

Baadaye yule mama wa ofisi ya maji akaja na bwana afya na vijana wenye majembe. Mtaa mzima ukatoka, safari hii hakuna aliyezomea. Babu yenu akawatangulia mpaka bondeni. Akapiga magoti kwenye tope, akachomoa kijiti.

"Hili ni langu," akasema. "Ndilo la kwanza."

Nilidhani atafungwa. Yule mama alimtazama, kisha akanitazama mimi na mtoto niliyembeba. Viatu vyake alikuwa amevivua, ameviweka kwapani.

"Sikuja kukamata mtu, mzee," akasema. "Nimekuja kuziba. Ile bei niliyoitaja pale shuleni ilikuwa ya hivi vitu. Mashine isinyamaze, bomba lisikauke. Dawa. Bomba jipya hapa bondeni, maana hili hata msingelitoboa lingetoboka. Na matairi ya lile gari, vyoo visiishie huku." Akawaonyesha vijana pa kuchimba. "Nilieleza vibaya siku ile. Ningesema hivi."

Babu yenu alikuwa bado amepiga magoti, ameshika kijiti.

Alikaa miaka mingi baada ya hapo, kama mnavyomkumbuka, na mlimjua kama mzee mpole asiyependa maneno. Hakuzaliwa hivyo. Chai ya kuletewa hakuwahi kunywa tena, na kwa mama yake aliomba dua tu. Sikumlaumu hata siku moja. Ningemlaumu kwa lipi? Kwa kumpenda mama yake?

Kwa hiyo mkisikia bei imepanda, kaulizeni ofisini imepanda kwa sababu gani. Mna elimu, someni karatasi zao, na mkiona fedha inaliwa wakalieni kooni, wala sitawazuia. Lakini msiniambie habari ya kugoma. Tulidhani tunalipia maji, na maji kweli ni ya Mungu. Tulichokuwa tunalipia ni kazi ya kuyaleta yakiwa safi na ya kuondoa uchafu wetu yasikutane nao. Kazi hiyo tulikataa kuilipia. Hawakuumia wa ofisini.

Arobaini ya binti yangu ilifika ugonjwa umekwisha, marufuku imeondolewa, watu wakaweza kuja. Kaka yangu alikuja kutoka Mpapura na ukoo, wakaleta na mbuzi. Yeye ndiye mjomba wa marehemu, na kwetu mjomba akisema amesema. Baada ya dua akajisogeza kwenye mkeka.

"Mwanetu alikufa na kiu," akasema. "Nimefikiri, tumtolee sadaka ya maji. Shemeji ni fundi. Bondeni pamezibwa, sawa, lakini bomba linaendelea mpaka kule juu kwenye mikorosho, mahali pasafi, hakuna vyoo. Si atoboe huko?"

Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, fikra njema. Mmoja akasema na fundi akichoka vijana wapo. Babu yenu alitazama mikono yake. Watu wote wakamgeukia wakingoja, na mimi nikaona kwamba hana nguvu ya kusema hapana mbele ya mjomba wa mtoto wake. Angesema ndiyo. Angekwenda kuvuta lile gunia.

Mwanamke haingilii kauli ya kaka yake kwenye arobaini ya mtoto. Nilikuwa mlangoni, mjukuu mgongoni.

"Kaka, umemaliza?"

Akageuka, ameshangaa. "Nimemaliza, dada."

"Basi sikilizeni. Hakuna mkono wa nyumba hii utakaogusa bomba tena, si la bondeni wala la juu, si kwa aliye hai wala kwa maiti. Sadaka ya maji mwanangu mtamtolea. Huyo mbuzi hachinjwi, mfungueni mkamuuze. Kesho asubuhi mwende ofisi ya maji, wewe kaka mbele na shemeji yako nyuma yako, mlipie bomba la mtaa lifunguliwe, kwa bei mpya, na mwezi ujao mlipe tena, na unaofuata, na hivyo hivyo. Choo cha hapa kikijaa mtaita gari, hata ikibidi tulale na chai tupu. Wageni watakula mihogo. Haya, fungueni mbuzi."